Bustani ya uani Kigamboni: nipande nini masika, kipupwe, vuli na kiangazi?

Mama wa Uani (Kigamboni):

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nyuma ya nyumba yangu nina kipande cha ardhi chenye urefu wa mita 6 na upana wa mita 4, na udongo wake ni mchanga mtupu kama ulivyo katika sehemu kubwa ya pwani yetu. Mwaka jana nilianza kulima mboga nikitarajia kupunguza gharama za sokoni, lakini kila msimu ulinipa hasara ya aina yake. Aprili, mchicha nilioumwaga kwenye tuta la tambarare ulisombwa na mvua kabla haujafikisha wiki mbili, na nyanya zilizokuwa zimeanza kuzaa zikapata mabaka meusi ambayo ndani ya siku chache yalitoka kwenye majani yakaingia kwenye mashina. Nikasema basi, nisubiri jua. Desemba nikapandikiza nyanya nyingine, nikazimwagilia asubuhi na jioni, zikanenepa majani na kutoa maua mengi, kisha maua karibu yote yakapukutika, na matunda machache yaliyobaki yakaoza kitakoni.

Sasa ni mwisho wa Februari na masika yanabisha hodi. Naomba wenye uzoefu mnieleze nipande nini na wakati gani, kwa sababu maelezo mengi niliyoyasoma yanahusu nchi za theluji, nami theluji sinayo.

Bwana Shamba Mstaafu (Muheza):

Mama, pole kwa hasara. Mabaka hayo meusi yaliyoenea wakati wa mvua yanafanana sana na bakajani, ugonjwa wa ukungu unaopenda majani yaliyolowa kwa saa nyingi, na kupukutika kwa maua kumetokana na joto la usiku. Nyanya hushika matunda vizuri usiku unapokuwa na nyuzi 15 hadi 20 hivi. Dar es Salaam mwezi Februari usiku hubaki kwenye nyuzi 24 au zaidi, ilhali Julai hushuka hadi 18 au 19. Kwa hiyo ukanda wa pwani una dirisha moja zuri la nyanya, nalo ni kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti.

Hesabu kwa kurudi nyuma. Ukitaka maua yachanue mwishoni mwa Juni, miche ihamie bustanini katikati ya Mei, mvua zikiwa zinapungua, na kwa kuwa mche hukaa kitaluni wiki 4 hadi 5, mbegu ziende kitaluni kati ya tarehe 10 na 15 Aprili. Hapo ndipo wengi hukosea: Aprili ndiyo kilele cha masika, na kitalu kilichoachwa wazi hupata kinyausi, miche ikakatika shingoni na kulala. Sia mbegu kwenye trei au makopo yaliyotobolewa chini, juu yake weka paa la nailoni angavu lililoinuliwa ili hewa ipite, na wiki moja kabla ya kupandikiza punguza maji na uizoeshe miche jua kidogo kidogo. Panda kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 50, uisimikie miti ya kuegemea, na majani yanayogusa ardhi uyaondoe. Tengeru 97 na Tanya ni mbegu zilizotoka Arusha na zimezoeleka kwa wakulima wetu. Mimi nimezitumia bila kujuta. Ukijaliwa, utaanza kuchuma Agosti.

Kuoza kitako si ugonjwa wa kuambukiza, wala dawa ya dukani haitausaidia mmea wako. Udongo unapokauka na kulowa kwa kupokezana, mmea hushindwa kupeleka kalsiamu ya kutosha kwenye tunda. Mchanga wako hukauka upesi hata ukimwagilia mara mbili kwa siku, kwa hiyo ulichokosa ni mboji ndani ya udongo na matandazo ya nyasi kavu juu yake.

Kulima Magunia (Tabata):

Naunga mkono maelezo ya Bwana Shamba, ila ningependa Mama asiuone msimu wa masika kuwa wa kusubiria nyanya tu. Masika ndiyo wakati wa matembele: kata vipande vya shina vya sentimita 30, fukia nusu yake, na baada ya mwezi na nusu hivi utakuwa unachuma majani. Mlenda na bamia navyo hustahimili mvua hizi, na kisamvu ukishakipanda pembeni mwa uzio hakikuombi kitu. Mchicha wako ulisombwa kwa sababu mbegu zake ni ndogo kama vumbi. Changanya kijiko kimoja cha mbegu na mchanga mkavu vijiko kumi, sia kwenye mifereji yenye kina cha sentimita moja tu, kisha funika kwa nyasi nyepesi ambazo utaziondoa mara miche inapochomoza. Baada ya wiki 3 hadi 4 unakula.

Matuta yainuliwe sentimita 20 hivi, na kwa maoni yangu yabaki hivyo mwaka mzima ili usipoteze nguvu kuyajenga upya.

Mwalimu wa Kihonda (Morogoro):

Hapo kwenye mwaka mzima, ndugu yangu wa Tabata, naomba tutofautiane. Katika udongo wa mfinyanzi tuta la kuinuka linaweza kufaa misimu yote, lakini kwenye mchanga wa Kigamboni, ifikapo Januari, tuta la namna hiyo hukauka pande zote kama chungu kilichoanikwa. Mimi hufanya matuta ya kuzama wakati wa kiangazi: nachimba kina cha koleo moja, natandika samadi iliyoiva na majani makavu, narudisha udongo hadi ubaki chini ya usawa wa njia kwa sentimita 10, na maji yote hubaki palipo na mizizi. Nasisitiza samadi iliyoiva, kwa maana mbolea mbichi ya kuku imeniunguzia miche zaidi ya mara moja nilipokuwa na haraka.

Jambo jingine ambalo halijatajwa ni mzunguko. Nyanya, biringanya, nyanya chungu, hoho na mnavu ni ukoo mmoja, na hurithishana maradhi. Gawanya mita zako 24 za mraba katika sehemu nne, na palipokaa nyanya kipupwe hiki, vuli ya Oktoba ifuate kunde, kisha mchicha. Mche wa nyanya ukinyauka ghafla ukiwa bado na majani ya kijani, kata shina lake karibu na ardhi na ulitumbukize kwenye glasi ya maji safi. Zikitoka nyuzi nyeupe kama maziwa, huo ni mnyauko wa bakteria, na mahali hapo usirudishe ukoo huo kwa miaka kadhaa.

Nyanda za Juu (Njombe):

Wasomaji wa huku kwetu wasiifuate ratiba hii. Sisi tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na Juni na Julai sakitu, yaani umande ulioganda kwa baridi, inaweza kuunguza nyanya usiku mmoja. Wakati ambao Kigamboni wanapanda nyanya, sisi tunatunza kabichi, karoti na njegere.

Mama wa Uani (Kigamboni):

Nawashukuru nyote, nitaanza mboji wiki hii. Limebaki swali moja: maji ya kisima changu yana chumvi kiasi cha kuhisiwa mdomoni. Je, yatafaa?

Bwana Shamba Mstaafu (Muheza):

Yatafaa kwa baadhi ya mboga. Spinachi huvumilia chumvi vizuri, nyanya huvumilia kiasi, na maharage usiyajaribu kabisa. Mwagilia kwenye shina bila kulowesha majani, na badala ya kunyunyiza kidogo kidogo kila mara, mwaga maji ya kutosha ili chumvi ishuke chini ya mizizi. Mchanga wako, uliokusumbua kwa mengine, hapa utakusaidia, kwa kuwa hupitisha maji kwa urahisi. Mvua za masika nazo zitausafisha udongo, kwa hiyo chumvi itakusumbua zaidi Januari na Februari.

Kama uwezo upo, weka mfereji wa bati kwenye paa kabla ya katikati ya Machi. Paa lenye mita za mraba 50 likipata mvua ya milimita 20 hutoa karibu lita 1,000, na hayo maji matamu yatunze kwa ajili ya kitalu, kwa sababu miche michanga ndiyo isiyovumilia chumvi. Maji ya mvua ya kwanza yaache yapite, yatakuwa yamebeba vumbi na kinyesi cha ndege.