Grammy za 1981: Christopher Cross alistahili au alibebwa?

Wadau, kila zikitajwa Grammy, zile tuzo kubwa za muziki za Marekani, zilizokwenda kwa mtu asiyestahili, jina la mwimbaji Christopher Cross halikosi. Hoja ni ileile: iweje mgeni kutoka Texas, kwa albamu yake ya kwanza, awapiku bendi ya Pink Floyd na albamu yao The Wall? Mimi nasema alistahili, tena bila kubebwa na mtu.

Albamu hiyo, iliyopewa jina lake mwenyewe, ilitoka Desemba 1979. Februari 1981 ikatwaa Albamu ya Mwaka, wimbo wa "Sailing" ukabeba Rekodi ya Mwaka na Wimbo wa Mwaka, naye akawa Msanii Bora Mpya. Tuzo kuu zote nne usiku mmoja! Hakuna aliyeweza tena hadi Billie Eilish mwaka 2020. Na kwenye Albamu ya Mwaka hakuwashinda Pink Floyd peke yao. Billy Joel, Barbra Streisand na Frank Sinatra nao walikuwemo.

Wengi hunijibu, "Mbona alipotea baadaye?" Ni kweli nyota yake ilififia. MTV, televisheni ya video za muziki, ilianza Agosti 1981, na muziki ukaanza kuuzwa kwa sura. Lakini hao waliopiga kura hawakuulizwa nani atavuma miaka kumi mbele. Waliulizwa kuhusu albamu iliyokuwa mbele yao.

Sasa isikilizeni "Ride Like the Wind" kwa utulivu, kwa spika za masikioni kama mnazo. Ni kisa cha mtu aliyehukumiwa kunyongwa, anakimbilia mpaka wa Mexico. Cross anaimba kwa sauti nyembamba ya juu, kama mtu anayehema, kisha mwimbaji mwenzake Michael McDonald anamwitikia kwa vipande vifupi, sauti nzito, kama mwangwi unaomfukuza mkimbizi huyo. Gitaa linalolia mle ndani analipiga Cross mwenyewe. Wengi humchukulia kama mwimbaji tu, na hilo linaniuma, maana huyu ni mpiga gitaa hasa. "Sailing" nayo inaanza na gitaa linalodonolewa taratibu, vinanda vinapanda nyuma yake bila kuifunika sauti. Mpangilio ule, kazi yake na prodyuza Michael Omartian, uliwapa Grammy ya tano.

The Wall ina wazo kubwa kuliko hii, sibishi. Ni pande nne za santuri, hadithi moja toka mwanzo hadi mwisho. Lakini nikiisikiliza kuna nyimbo naziruka. Ya Cross ina nyimbo tisa, nne ziliingia ishirini bora za Billboard, chati ya nyimbo ya Marekani, na siruki hata moja. Kwangu albamu bora hupimwa hapo.

Kwa hiyo wewe unayesema Pink Floyd waliporwa, nijibu hili moja: katika nyimbo hizo tisa, ungeondoa upi?