Mpango wa miaka 20 wa jiji letu: sura ya ardhi inasema hivi, sura ya barabara inasema vile, na sisi ndio tutakaolipa

Wakuu, salaam kwenu. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Nimemaliza kusoma rasimu ya mapitio ya mpango wa muda mrefu wa jiji, huu wa matumizi ya ardhi na usafiri. Jiji silitaji kwa sababu ninachokieleza kinatokea kwenye miji mingi na naamini wengi mtautambua wenu humu. Nimesoma sura zote na viambatisho vyake, maana maamuzi yenyewe yamo kwenye viambatisho, na hivyo ndivyo ambavyo watu wengi hawavifungui.

Sura ya ardhi imeandikwa na watu wa mipango miji. Sura ya usafiri imeandikwa na watu wa barabara. Ukizisoma pamoja unaona wazi kwamba hawakukaa meza moja. Ya kwanza inataka watu waishi karibu na kazi, jiji lisisambae ovyo, maghorofa yajengwe kando ya njia kuu za mabasi, mashamba ya pembezoni yabaki mashamba. Nilipoisoma nilifurahi kabisa. Halafu nikafungua ya pili: barabara mpya za mzunguko zinazokatiza mashamba yale yale, na upanuzi wa karibu kila barabara kuu inayotoka katikati ya jiji kwenda nje.

Sasa ipi ndiyo mpango? Ukishachora barabara pana kupita shambani, umeshaamua watu watahamia wapi. Bei ya ardhi pale inapanda kabla hata greda halijafika. Wenye taarifa wananunua mapema, wanakata viwanja, wanauza. Baada ya miaka michache unakuta nyumba zimezagaa, hakuna maji wala shule, na kila mwenye nyumba analazimika kuwa na gari ili afike kazini. Hapo sura ya ardhi haina kazi tena hata iwe imeandikwa kwa ufasaha wa namna gani. Barabara ndiyo iliyopanga jiji.

Nikajiuliza hizi barabara zilithibitishwaje. Jibu limo kwenye kiambatisho cha makadirio ya usafiri, na hapa naomba mnivumilie kidogo kwa sababu ndipo tunapoibiwa.

Mbinu iliyotumika ni ile ya hatua nne. Kwanza wanakadiria kila eneo litazalisha safari ngapi. Pili, safari hizo zitaelekea wapi. Tatu, zitafanywa kwa chombo gani. Nne, zitapita barabara ipi. Ni mbinu iliyokomaa Marekani miaka ya 1950 kwenye tafiti kubwa za usafiri za Detroit na Chicago, wakati kazi kubwa ya wapangaji ilikuwa kuamua barabara kuu za magari zipite wapi na ziwe na upana gani. Si mbinu mbovu. Ubovu uko kwenye kile inacholishwa. Kompyuta inapewa ramani ya matumizi ya ardhi ya mwaka wa mwisho wa mpango, watu wangapi wataishi wapi na kazi ngapi zitakuwa wapi, na ramani hiyo haibadiliki. Wanapolinganisha "tukijenga barabara" na "tusipojenga", kwenye hesabu zote mbili watu wanaishi mahali pale pale. Yaani wanajifanya barabara ya kukatiza mashamba haitahamisha mtu hata mmoja!

Kwa hesabu ya namna hiyo karibu kila barabara itaonekana inaokoa muda. Ni vigumu ionekane vinginevyo. Kutawanyika kwa jiji, mabomba marefu ya maji, nyaya, shule mpya, mabasi yanayozunguka kwenye mitaa yenye watu wachache, vyote hivyo vinahesabiwa sifuri kwa sababu kwenye kompyuta havikutokea.

Na ile idadi ya magari ya mwaka wa mwisho imepatikanaje? Wamechukua kasi ya ongezeko la miaka iliyopita wakainyoosha mbele kwa miaka 20. Basi. Baada ya hapo wanatuambia "mahitaji" ni haya na lazima tujenge kuyatosheleza. Hakuna popote walipouliza kama jiji linataka kuwa na magari mengi kiasi hicho. Mpango wa muda mrefu upo ili tuamue tunataka jiji la namna gani, halafu tujenge kulifikia. Kuchukua foleni ya leo na kuikuza si kupanga.

Ubishi kwamba upanuzi utamaliza foleni ulishajibiwa zamani. Mwaka 1962 mchumi Anthony Downs aliandika kwamba kwenye barabara kuu za kasi za mijini, msongamano wa saa za asubuhi na jioni hupanda hadi kujaza nafasi iliyopo. Waliokuwa wakipita saa nyingine wanahamia saa ile, waliokuwa wakipita njia nyingine wanahamia njia ile, waliokuwa wakipanda basi wananunua gari. Mwaka 2011 Gilles Duranton na Matthew Turner walipima miji ya Marekani wakakuta kilometa zinazoendeshwa zinaongezeka karibu sawasawa na kilometa za barabara kuu zinazoongezwa. Houston walipanua barabara ya Katy Freeway, kazi ikaisha mwaka 2008, na kuna sehemu zimefika njia 26 za magari zilizo sambamba, kwa pande zote mbili, ukihesabu na zile za pembeni. Njia ishirini na sita! Miaka michache baadaye muda wa safari za asubuhi na jioni ulikuwa unapanda tena. Hawa walikuwa na fedha na ardhi kuliko miji mingi duniani, na hawakuweza. Sisi tutawezaje?

Seoul walifanya kinyume. Walikuwa na barabara ya juu iliyofunika mto Cheonggyecheon katikati ya jiji. Walianza kuibomoa mwaka 2003, na mwaka 2005 mto ukafunguliwa kwa wananchi. Wakati huo huo walipanga upya mabasi ya jiji zima na kuyapa njia zake. Msongamano mkubwa uliotabiriwa haukutokea.

Nawapa na miji iliyofunga ardhi na usafiri kwa fundo moja, maana kuna watakaosema haya ni ya kwenye makaratasi. Copenhagen wana mpango wa mwaka 1947 unaofuata umbo la kiganja: katikati ya jiji ndiyo kiganja, vidole ni maeneo ya makazi yanayofuata reli, na kati ya kidole na kidole ni kijani. Wameuhuisha mara nyingi, lakini wazo halikuachwa. Toleo la mwaka 2007 lilikuja na nguvu ya agizo la serikali kuu, pamoja na sharti kwamba ofisi kubwa zijengwe karibu na vituo vya reli, ndani ya takriban mita 600. Angalieni vizuri hapo. Sharti la jengo limepimwa kwa umbali wa kituo. Huwezi kuitenganisha sentensi ile ukasema hii ni ya watu wa ardhi na hii ni ya watu wa usafiri.

Curitiba, Brazili, walianza njia za mabasi ya haraka mwaka 1974 na wakaruhusu majengo marefu kwenye mihimili hiyo hiyo ya mabasi, yaani kando ya njia hizo. Pembeni majengo yanashuka. Basi linapata abiria kwa sababu abiria wanaishi pale, na wanaishi pale kwa sababu kibali cha ujenzi kilifuata basi.

Sisi kwenye rasimu yetu mabasi yamepewa ukurasa mzuri wenye picha. Nikatafuta kwenye jedwali la fedha miradi ya miaka mitano ya mwanzo. Upanuzi wa barabara uko mwanzo. Mabasi yako "awamu ya tatu". Waenda kwa miguu wamewekewa maneno "itazingatiwa wakati wa usanifu". Mpango wa jiji usomeni kuanzia jedwali la fedha, huko maneno matamu yameisha.

Kuna jingine nililikuta kwenye kiambatisho cha kanuni za ujenzi, limejificha kabisa: idadi ya lazima ya nafasi za maegesho kwa kila jengo. Imenakiliwa kutoka kwenye mpango wa zamani bila kuguswa. Gari moja, ukijumlisha na njia ya kuingilia na kugeuzia, linahitaji kama mita za mraba 25 hadi 30. Hicho ni chumba na sebule cha mtu. Kwa hiyo sura ya ardhi inasema jengeni kwa kubanana karibu na vituo, halafu kanuni inamlazimisha mjenzi kutenga eneo kubwa la kiwanja kwa magari, hata kama jengo limetazamana na kituo cha basi. Mjenzi anafanya hesabu, anaona haimlipi, anakimbilia pembezoni kwenye ardhi rahisi. São Paulo kwenye mpango wao wa mwaka 2014 waliondoa sharti hilo, na kwenye mihimili ya usafiri wa umma wakaruhusu majengo makubwa zaidi. Mexico City mwaka 2017 waligeuza kiwango cha chini cha maegesho kikawa kikomo cha juu kisichovukwa. Buffalo, Marekani, waliliondoa sharti hilo kwa jiji zima mwaka huo huo. Ni kifungu kimoja tu cha kanuni! Hakihitaji mkopo wala mkandarasi, na bado hawakukigusa.

Nisisahau takwimu za safari. Utafiti uliotumika ni wa zamani, umefanyika kabla ya mwaka 2020, wakati hata namna watu wanavyokwenda kazini imebadilika tangu ugonjwa ule upite. Na umeuliza zaidi safari ya nyumbani kwenda kazini. Mama anayempeleka mtoto shule, akapitia sokoni, akamwona mgonjwa, ndipo arudi nyumbani, amehesabiwa vibaya au hakuhesabiwa kabisa. Anayetembea kwa miguu safari nzima vivyo hivyo. Ambaye hayumo kwenye takwimu hatajengewa kitu.

Na mkutano wa maoni? Nilikwenda. Ramani iliyobandikwa ukutani ilikuwa ndogo kiasi kwamba mtu hawezi kuona mtaa wake. Mzee mmoja aliuliza barabara inapita juu ya nyumba yake au pembeni, akaambiwa hilo ni la hatua ya usanifu. Nilipouliza makadirio yalilishwa nini, nikaambiwa ni mambo ya kitaalamu. Fomu ya maoni ilikuwa na maswali kama "Je, unaunga mkono jiji lenye usafiri bora?" Nani atajibu hapana? Hakukuwa na swali lolote kuhusu barabara ipi ijengwe na ipi iachwe. Walitukusanya baada ya kuamua, na sahihi zetu za mahudhurio zitaambatishwa kuonyesha tulishirikishwa. Hili limeniudhi kuliko yote.

Ninachotaka si kikubwa. Waweke hadharani data zote zilizoingizwa kwenye makadirio. Warudie hesabu wakiruhusu watu na kazi kuhama kutokana na barabara, maana zana za kufanya hivyo zipo kwa miongo mingi sasa. Watuletee angalau njia mbadala moja isiyo na upanuzi wowote, yenye mabasi na njia za miguu zilizopewa fedha kuanzia mwaka wa kwanza, tuilinganishe na hii yao. Kila mradi uandikwe pembeni yake unatimiza shabaha ipi ya sura ya ardhi, na usiotimiza utolewe. Na mapitio yawe na ratiba inayobana. Singapore wanapitia mpango wao mkuu kila miaka mitano na rasimu inaonyeshwa kwa wananchi. Marekani sheria ya shirikisho inataka mipango ya usafiri ya maeneo ya miji mikubwa itazame mbele miaka isiyopungua 20 na ihuishwe kila miaka minne au mitano. Sisi tunakaa hadi mpango umekufa, na katikati hapo viwanja vinabadilishwa matumizi kimoja kimoja: cha wazi leo kinakuwa ghala, cha shule kesho kinakuwa kituo cha mafuta. Wakija kuhuisha wanapaka rangi kwenye ramani kufuata yaliyokwisha kujengwa.

NYONGEZA: Naona wameuliza hapo chini, "mkuu, kwa hiyo barabara zisijengwe?" Zijengwe. Mitaa midogo inayounganisha makazi ijengwe sana tu, maana ndiyo inayopunguza mzigo kwenye barabara kuu, na ajabu rasimu imeitaja kwa aya moja. Madaraja mabovu yatengenezwe. Ninachopinga ni barabara pana ya kwenda mahali ambapo sura ya ardhi inasema watu wasihamie.

Na kwa aliyeuliza afanye nini wakati hakuhudhuria mkutano: andika barua kabla muda wa maoni haujafungwa. Usiandike malalamiko ya jumla, hayo wanayapanga kwenye kundi la "maoni mengine" na yanaishia hapo. Taja ukurasa wa sura ya ardhi, taja ukurasa wa mradi unaoupinga, uliza swali moja: haya mawili yanapatanaje? Dai jibu la maandishi na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Rufaa ikifika mbele, mapokezi hayo ndiyo utakayoyaonyesha.