MREJESHO: zile data za mvua za Dodoma zilizovurugika kwenye reshape (kupanga namba upya)

Wakuu nimerudi. Kwa waliopitwa, nilikuwa na faili la namba 480 kutoka MATLAB (programu ya mahesabu), mvua ya wilaya 4 kwa miezi 12 kwa miaka 10, nikilipanga kwa NumPy (maktaba ya namba ya Python) katika umbo la (4,12,10) naona wilaya ya Kongwa mwezi wa saba inapiga mvua kubwa, sasa nani asiyejua Julai huku ni vumbi na upepo tu.

Mkuu uliyesema niweke order='F' (F ni Fortran, yaani safuwima kwanza) kwenye reshape ubarikiwe, imekubali palepale, maana MATLAB inaandika kwa safuwima na NumPy isipoambiwa inajaza kwa safu mlalo. Ile ya reshape(10,12,4) halafu transpose(2,1,0), yaani kugeuza mpangilio wa pande, nayo inaleta majibu yaleyale, ila inazungusha kichwa. asfortranarray ndo haikusaidia, inagusa mpangilio wa kwenye memori tu, Kongwa ikabaki na mafuriko yake.

Kurudisha data MATLAB kulinisumbua kwa sababu tofile (amri ya NumPy ya kuandika faili) inaandika kwa mtindo wa C (safu mlalo kwanza) hata ufanyeje, saivi natumia .T.tofile (.T inageuza pande kwanza) na inaenda fresh. Lile faili kubwa la mvua ya kila siku bado linajaza RAM ya laptop, hapo sijafanikiwa, najaribu memmap (inasoma faili toka diski bila kulipakia lote) maana nayo inapokea order='F'. Asanteni sana wadau.