Ushauri: nasomea udaktari wa mifugo, paka wangu mzee ana figo, na kuna mtoto wa mbwa nimempenda

Kwato_Moja
Wakuu, habari za saa hizi. Nipo mwaka wa tatu, mwezi ujao tunaanza kuingia wodini. Nyumbani nina paka jike, Chausiku, miaka 14, kilo 3.6. Majibu ya vipimo: kreatinini (taka ya damuni inayoonyesha figo zinavyochuja) 310, fosforasi imepanda kidogo, presha 150, moyo uko sawa. Kliniki wameagiza dripu ya Ringa lakteti mililita 100 chini ya ngozi, siku moja naweka, siku moja naruka. Wamempa na chakula cha figo. Amekinusa, akafukia kama anafukia kinyesi.

Juu ya hayo jirani ana watoto wa mbwa wa wiki 7, na mmoja ananifuata mpaka mlangoni. Natoka saa 1 asubuhi, narudi saa 11 jioni. Naishi peke yangu.

Naomba kujua: maji namwekeaje peke yangu, chakula nifanyeje, mbwa nimchukue au niache, na la mwisho ni nitajuaje kwamba siku yake imefika. Dozi tumefundishwa, hilo bado.

Sindano_Butu
Kreatinini 310 ni hatua ya tatu kwa mfumo wa IRIS wa kupanga ukali wa ugonjwa wa figo (251 hadi 440 mikromoli kwa lita). Si hatua ya kuaga. Paka wengi hukaa muda mrefu hapo wakitunzwa.

Maji sasa. Tumbukiza mfuko wa dripu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika kumi na tano, halafu dondoshea tone ndani ya kifundo cha mkono wako. Usisikie joto wala baridi. Usiweke kwenye oveni ya maikrowevu, inapasha kwa madoa: nje vuguvugu, katikati moto. Ning'iniza mfuko kama mita moja juu ya paka, fungulia mpira mpaka hewa yote itoke, funga. Chora mstari wa kalamu mfuko ulipoishia na mwingine mililita 100 chini yake, maana mfuko ukishaanza kusinyaa zile alama zake zinadanganya.

Tumia sindano namba 18 au 20. Wanafunzi hukimbilia 23 kwa huruma, matokeo yake maji yanatiririka dakika ishirini na paka anakasirika dakika ya sita. Sindano nene kidogo, mpya kila mara, inaisha haraka. Sindano ya kurudia ndiyo inayouma, kwa sababu ncha hupinda mara ya kwanza tu inapopita ngozini.

Inua ngozi katikati ya mabega iwe kama hema. Ingiza sindano chini ya hema, sambamba na mgongo, mdomo wake ukitazama juu. Ukiona manyoya upande wa pili yanalowa, umetoboa ukatokea. Toa, anza na sindano nyingine. Mtiririko ukikwama, usisukume, zungusha sindano robo duara, mara nyingi mdomo umegusa ngozi tu. Ukimaliza bana tundu kwa vidole sekunde thelathini.

Dripu yenye glukosi usiiweke chini ya ngozi hata kama ndiyo iliyobaki kabatini. Inavuta maji upande usiotakiwa na inaweza kuleta jipu.

Kabla ya kila zamu hesabu pumzi akiwa amelala. Paka aliyelala vizuri huwa chini ya 30 kwa dakika. Ikipita 40, au tumbo linasukuma kila pumzi, siku hiyo huweki tone, unapiga simu kliniki. Maji yakizidi kwa paka huishia kifuani.

Mama_Masharubu
Mwanangu, chakula cha figo usimlazimishe leo. Paka anayekula chakula cha kawaida yuko salama kuliko paka anayegoma kula chakula sahihi. Akikaa saa 24 bila kula piga simu. Siku mbili tatu bila kula mafuta huanza kujaa kwenye ini, na hapo una magonjwa mawili.

Anza na sehemu moja ya chakula kipya kwa tisa za anachokipenda, ukae hapo siku tatu nne, uongeze. Mabadiliko yote yachukue wiki mbili hadi nne. Pasha mpaka joto la mwili, harufu ndiyo inayomvuta paka mzee kabla hajakila. Na usianze siku ana kichefuchefu (analamba midomo, anakiendea chakula kisha anarudi nyuma). Atakihusisha chakula na ile hali na hatakigusa tena. Kwanza aombewe dawa ya kichefuchefu.

Hesabu ya nishati unaijua: 70 mara uzito kwa kipeo cha 0.75. Kwa kilo 3.6 ni kama kilokalori 183 akiwa ametulia. Pima chakula kwa gramu, andika anachoacha. "Amekula vizuri" siyo kipimo.

Dawa ya kufunga fosforasi, wakimwandikia, ichanganywe na chakula chenyewe, kwa sababu inanasa fosforasi tumboni. Ukimpa saa mbili baadaye umemnyima raha bure. Ila vidonge vichungu usifiche kwenye chakula anachokipenda, utamharibia hicho pia.

Pima uzito kila wiki, mizani ileile. Gramu 180 kwake ni asilimia 5, na hiyo ni habari. Ile mizani ya kusimama naye mkononi ukatoa uzito wako haitakuonyesha gramu 180 hata siku moja. Tafuta ya jikoni yenye beseni au ya watoto wachanga.

Gambuti_Nje
Kwenye mbwa nitakukatisha tamaa. Mtoto wa mbwa hubana mkojo kwa saa zinazokaribia umri wake kwa miezi ukiongeza moja. Wa miezi miwili, saa tatu. Wewe unakuwa nje saa kumi nzima. Siyo kwamba atachafua tu, atajifunza kwamba kuchafua ndani ni kawaida. Halafu wiki ya 3 hadi kama ya 14 ndiyo dirisha la kuzoea watu, sauti, kushikwa na kuachwa kidogo kidogo. Dirisha hilo likipita yuko peke yake chumbani, mbwa mwoga au mng'ataji unamtengeneza mwenyewe.

La pili ni parvo, ugonjwa wa kirusi unaoharisha na kuua watoto wa mbwa. Chanjo huanza wiki 6 hadi 8, inarudiwa kila wiki mbili hadi nne mpaka afikishe wiki 16. Sababu ya kurudia ni kinga aliyopewa na mama: inaizima chanjo, lakini inashuka mpaka mahali ambapo haitoshi kuzuia kirusi na bado inatosha kuiharibu chanjo. Katika pengo hilo unaingia wewe kutoka wodini. Kirusi cha parvo hakina utando wa mafuta, kwa hiyo vitakasa mikono vya spiriti havikiui. Osha mikono kwa sabuni na maji mengi. Ovaroli na buti vibaki chuoni, viatu vya wodini visivuke kizingiti.

Sakafu isuguliwe kwa sabuni kwanza, kwa sababu uchafu hula klorini. Kisha dawa ya madoa (ya klorini), sehemu moja kwa maji sehemu 30 (mililita 100 kwa lita 3), ibaki imelowa dakika kumi. Usiichanganye na dawa nyingine ya choo, gesi yake itakutoa nje wewe na paka.

Na usisahau Chausiku: aina za parvo ya mbwa zinazozunguka siku hizi zinaweza kumwambukiza paka, acha ile ya paka wenyewe. Angalia kadi yake ya chanjo kabla ya mwezi ujao. Yako pia: chanjo ya kichaa cha mbwa uwe umeimaliza kabla ya kugusa mgonjwa wa kwanza.

Jogoo_la_Kota
Chukua mbwa bana. Unasomea wanyama halafu unaogopa mnyama? Wote wawili uwapake yale matone ya viroboto shingoni, mambo yanaenda.

Gambuti_Nje
Mkuu Jogoo, sentensi yako ya mwisho inaua. Matone mengi ya mbwa yana permethrini. Ini la paka haliwezi kuivunja. Saa chache baadaye anatetemeka masikio, kisha mwili mzima, kisha degedege. Hata kulala karibu na mbwa aliyepakwa na hajakauka inatosha. Nyumba yenye paka, soma kiambato, siyo picha ya mbele. Na parasetamoli ni hivyohivyo: kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua. Ufizi unageuka rangi ya kahawia kwa sababu damu imeshindwa kubeba oksijeni.

Jogoo_la_Kota
Nimekaa chini.

Dokta_Mstaafu
Mdogo wangu, nikuongezee mawili.

Kwanza, usiwe daktari wake. Mwaka wa tatu una majina ya magonjwa mia tatu na bado macho hayajazoea mnyama mzima. Utampima ufizi mara sita kwa siku na utaona upungufu wa damu kwenye kivuli cha taa. Chagua daktari mmoja, mpe madaftari yako, dozi azibadilishe yeye. Kazi yako ni kupima na kuandika: uzito, gramu alizokula, pumzi usingizini, madonge ya mkojo kwenye kasha la mchanga. Kichwa kikilegea kidevu kikagusa kifua, fikiria potasiamu imeshuka. Akianza ghafla kugonga viti, mboni zimepanuka, ni presha, macho yanaweza kuwa yameachia retina (utando wa nyuma wa jicho). Hiyo ni siku hiyohiyo, siyo kesho. Hiyo 150 yake ipimwe tena, ikikaa juu ya 160 atahitaji dawa.

Lakini usijinyime anachokufundisha. Paka aliyetulia kwake ana mapigo 140 hadi 180. Mezani kliniki yuleyule anavuka 200. Wenzako watakuwa na namba za kitabuni, wewe utaijua tofauti kwa masikio. Akikoroma kwa raha huwezi kusikia moyo: fungulia bomba karibu naye, atanyamaza ashangae, una kama sekunde kumi na tano. Jifunze na uso wake unavyoonyesha maumivu. Masikio yanayotazama pembeni, macho yaliyofinywa, mdomo uliokazana, sharubu zilizonyooka mbele, kichwa chini ya mabega: kila kimoja mpe 0, 1 au 2. Mpige picha leo akiwa na nafuu, ndiyo utakayolinganishia.

Pili, siku yenyewe. Kuna jedwali la Alice Villalobos, daktari wa mifugo wa Marekani, lina vipengele saba: maumivu, kula, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na kama siku nzuri zinazidi mbaya. Kila kimoja 0 hadi 10, 10 ndiyo hali njema. Jumla ikizidi 35 bado kuna maisha ya kulindwa. Lijaze kila Jumapili, kabla ya kufungua simu. Jumla moja haisemi kitu. Wiki nne zinazoshuka zinasema. Na mwache mtu asiyempenda kama wewe ajaze nakala yake.

Ukifika huko, omba apewe dawa ya usingizi kwanza, na kanula (mrija mdogo wa mshipani) iwekwe mapema, maana mishipa ya paka wa figo husinyaa. Pentobarbitoni, dawa ya kumlaza moja kwa moja, hufanya kazi ndani ya dakika moja mbili. Macho hayatafunga. Baada ya moyo kusimama anaweza kuvuta pumzi mbili tatu, misuli kucheza, mkojo kutoka. Ni mwili, siye yeye. Sindano usishike wewe, hata wakikupa kwa heshima. Mwili wake uzikwe kwa kina au uchomwe, dawa hubaki ndani na mbwa au ndege atakayemfukua atakufa.

Kwato_Moja
Nimesoma mara mbili. Jirani nimemwambia hapana, mtoto wa mbwa amepata kwingine. Maji nimeweka jana, dakika sita. Ila leo asubuhi kuna uvimbe laini umeteremka mpaka juu ya kiwiko cha mguu wa mbele. Pumzi 22 amelala. Nimeharibu?

Sindano_Butu
Hapana. Maji yanafuata uzito wake, yanateremka begani kwenda mguuni kabla hayajanyonywa. Yakiwa laini, hayana joto wala maumivu, subiri. Yakibaki saa 24 baadaye, usiongeze mengine juu yake, piga simu: ama mwili haunyonyi ama kiasi ni kikubwa kwake. Yakiwa ya moto au akirusha mguu ukigusa, ni jipu linaanza.

Sindano zilizotumika tia kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye mfuniko, usirudishie kofia yake, peleka kliniki ikijaa robo tatu. Leo ni siku ya kuruka, mwache alale.