Mratibu anajua urefu wa kilele mpaka mita ya mwisho, geti hajui liko wapi

Wakuu, nimerudi juzi usiku kutoka safari ya kupanda mlima. Kifundo cha mguu wa kulia kimevimba, buti mpaka sasa hazijakauka, na nimeamua kuandika kabla hasira haijapoa. Ikipoa nitaanza kusema "tulijifunza mengi" kama wenzangu wanavyoandika kwenye grupu tangu jana, wakati ukweli ni kwamba tulifanyiwa uzembe.

Tulikuwa watu wanane. Ni mwisho wa msimu, zile siku ambazo theluji mpya imeshaanza kupaka kilele lakini mchana jua bado linachoma. Mratibu, ambaye simtaji, alitutumia ratiba ya kuvutia kweli: picha ya kilele, urefu wake, jumla ya mita za kupanda, na saa zote zimepangwa. Kuanza kutembea saa kumi na mbili asubuhi, kuvuka mto saa mbili, kileleni saa sita mchana, kurudi mtoni saa tisa, garini saa kumi na moja jioni. Kwenda na kurudi siku hiyohiyo, hakuna haja ya hema. Kabla sijalipa nilimuuliza kitu kimoja tu: barabara ikoje? Akajibu, "Ipo vizuri mkuu, gari lolote linafika."

Linafika wapi?

Lilifika getini. Bomba la chuma limelala katikati ya barabara, mnyororo, kufuli jipya linang'aa kwenye taa za gari, na kibao kinachosema barabara imefungwa mpaka msimu ujao. Kutoka pale mpaka mwanzo wa njia ya miguu ni kilomita 8 za changarawe. Mratibu akashuka, akalitikisa lile kufuli kama mtu anayehakikisha kama alifunga mlango wa kwake, akatugeukia: "Si mbaya, ni kilomita nane tu, tena tambarare."

Hiyo "tu" ndiyo iliyotupeleka gizani. Kuna kanuni ya zamani ya Naismith, Mskoti mmoja aliyeitoa mwaka 1892, na wapanda milima wanaitumia mpaka leo: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 8 tambarare kwa hesabu hiyo ni saa moja na dakika 36. Na lazima uzirudie jioni ukiwa umechoka. Saa tatu na ushee zimeingizwa kwenye ratiba ambayo haikuwa na nafasi hata ya mtu kufunga kamba za viatu. Na Naismith mwenyewe hakuhesabu mto. Watu wanane kuvua soksi, kutafuta pa kupita, kuvuka mmojammoja, kuvaa tena, huo ni muda, na kwenye ratiba yetu mto ulikuwa mstari mmoja tu: "Kuvuka mto, 2:00."

Nilikuja kugundua ratiba yenyewe ilinakiliwa kutoka safari ya katikati ya kiangazi. Saa zilezile, picha ileile. Sasa chukua eneo lililo kwenye latitudo 45, yaani nusu ya njia kutoka ikweta mpaka ncha ya dunia: kutoka siku ndefu kuliko zote mpaka siku ambayo usiku na mchana vinalingana, unapoteza zaidi ya saa tatu za mwanga. Karibu na mlingano huo siku inapungua dakika tatu hivi kila inapokucha, kwa hiyo wiki tatu tu zinakula saa nzima. Mtu anayenakili ratiba bila kuangalia jua linazama saa ngapi anawapangia watu usiku bila kuwaambia.

Mtoni tulifika karibu saa nne badala ya saa mbili. Maji yalikuwa chini ya goti, meupe kidogo kama yamechanganywa na majivu, ndiyo rangi ya mto unaotoka kwenye barafu. Mawe yaliyochomoza juu yalikuwa yamevaa ganda jembamba la barafu ya usiku, halionekani mpaka ulikanyage. Dada mmoja aliyekuwa nasi, anayeijua milima kuliko sisi wote, akasema tuingie majini na buti zetu, tusirukeruke juu ya mawe. Mratibu akasema tusilowanishe buti, akaruka. Jiwe la kwanza, la pili, la tatu akakaa kitako majini mpaka kifuani. Nakiri nilicheka. Ilikuwa mara yangu ya mwisho kucheka siku hiyo.

Kabla ya kuondoka pale nilifanya kitu ambacho nawaomba wote mkifanye: nilichagua jiwe bapa pembeni mwa maji, lina mstari mweupe katikati, kavu kabisa, nikalipiga picha. Mto wa barafu hauna kina kimoja. Asubuhi uko chini kwa sababu usiku kuyeyuka kulipungua au kulikoma. Jua likipanda barafu inayeyuka, maji yanashuka bondeni, na mto unafika juu kabisa alasiri au jioni, kutegemea uko mbali kiasi gani na hiyo barafu. Kwa hiyo mtu akiniambia "mto pale ni wa magotini", swali langu ni: magotini saa ngapi?

Na hapa nina ugomvi na watu wengine pia, siyo mratibu peke yake. Nilipokuwa najiandaa nilisoma simulizi za waliopita njia ile. "Njia ipo poa, maji kidogo, hakuna shida." Hakuna tarehe. Hakuna saa. Hakuna neno kuhusu mvua ya siku iliyotangulia, wala barabara ilikuwa wazi mpaka wapi. Mtu alipita kiangazi, saa moja asubuhi, geti wazi, anaandika kana kwamba mlima ni ukuta wa nyumba yake. Mwandikaji alivuka salama, sawa, lakini taarifa yake haimsaidii mwingine chochote. Afadhali asingeandika.

Turudi mlimani. Kileleni tulifika saa nane kasoro. Palikuwa pazuri, sitadanganya. Lakini saa sita ndipo tulipopaswa kugeuka, popote tulipokuwa, kwa sababu saa ya kugeuka ilitakiwa ipangwe kwa kufuata mto. Hili na mimi nalibeba. Nilijua. Nilikuwa na picha ya jiwe kwenye simu yangu. Lakini kilele kilikuwa kinaonekana, kila mtu anasema "bado kidogo", nikanyamaza.

Tuliporudi mtoni ilikuwa inakaribia saa kumi na moja. Lile jiwe bapa halikuwepo. Yaani lipo, lakini liko chini ya maji, na nilipochomeka fimbo palepale tulipovukia asubuhi, maji yalifika katikati ya paja langu. Rangi ilikuwa ya saruji. Na kulikuwa na mlio ambao asubuhi haukuwepo, gudugudu za chini, kama mtu anavingirisha mawe ndani ya pipa. Hayo ni mawe kweli, yanasukumwa na maji kitakoni mwa mto. Ukisikia hivyo, hapo si pa kuvukia. Kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, nguvu yake ya kukusukuma inaongezeka mara nne. Sentimita 15 tu za maji yaendayo kasi zinaweza kumwangusha mtu mzima.

Mratibu akatoa kamba. Akataka kumfunga kijana mmoja kiunoni ili atangulie. Hapo ndipo nilipopandisha sauti mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Mtu aliyefungwa kamba akianguka, kamba inamshikilia palepale huku mto unamsukuma, na anachofanya mto ni kumzamisha. Asiyefungwa angalau anaweza kuelea, miguu mbele, akatafuta ukingo. Mratibu akaniambia natisha watu. Yule dada hakubishana, alishaanza kutembea kupanda na ukingo.

Mita kama 400 juu akapata mahali mto umejigawa mikondo mitatu, mipana, mifupi kwa kina, na chini yake, kule maji yanakoelekea, hakuna poromoko wala magogo yaliyonasa. Penye wembamba maji ni ya kina na yana mbio. Penye upana yanatawanyika, hata kama panatisha zaidi kwa macho. Tukafungua mikanda ya mabegi ya kiunoni na kifuani, ili ukianguka uweze kulitupa begi. Tukashikana mikono vikundi vya watatu na wawili, aliye mzito mbele akikabili maji, wengine nyuma yake, tukavuka kidogokidogo kwa upande. Mkondo wa tatu mguu wangu ulinasa kati ya mawe mawili. Yule dada alinishika mshipi wa suruali, sikuanguka, lakini kifundo kikazunguka. Maji yale yana baridi ya namna kwamba maumivu niliyasikia nikiwa nimeshakaa ukingoni, dakika kadhaa baadaye.

Mnaosoma hapa mtasema tungelala ng'ambo tusubiri asubuhi maji yashuke. Ndiyo, hilo ndilo jibu sahihi. Kwa hema lipi? Tuliambiwa tusibebe.

Halafu kilomita 8 za changarawe, gizani, nikichechemea, tochi za kichwani mbili kati ya watu wanane, kwa sababu ratiba ilisema saa kumi na moja tuko garini. Tulifika saa nne usiku. Dereva, mungu ambariki, alikuwa amegeuza gari kuelekea nje na kulirudisha ng'ambo ya kijito kinachokatiza barabara, kwa sababu aliona kimeanza kupanda. Aliniambia sentimita 30 za maji zinatosha kufanya gari dogo lielee, na hana mpango wa kujaribu. Hakuna aliyemtuma kufanya hivyo. Mtu pekee aliyesoma maji siku hiyo mbali na yule dada alikuwa dereva.

Jana nimeandika kwenye grupu, kwa adabu kabisa, kwamba tangazo la kufungwa kwa barabara lilikuwa limetolewa siku nyingi kabla, na simu moja ingetosha. Mratibu akajibu: "Wote mmerudi salama, kaka, sasa unalalamika nini?" Watu watano wakaweka vidole gumba.

Leo jioni ametangaza safari nyingine. Mlima uleule, wiki mbili zijazo, picha ileile. Kuvuka mto saa mbili, kurudi mtoni saa tisa. Nikauliza chini ya tangazo: geti litakuwa wazi? Tunaanza kutembea kutoka wapi?

Saa tatu na dakika kumi usiku nimetolewa kwenye grupu.