Ushauri: Msimu wa pili wa tamthilia usipwaye, nifanyeje?

Mwandishi_Uyole: Wakuu, habari za jioni. Naandika tamthilia tunayorekodi hapa Mbeya. Msimu wa kwanza, vipande 13, ulipendwa sana. Wa pili umenikosesha usingizi. Kwa nini nyingi huanza kwa kishindo kisha zinapwaya?

Tanangozi: Swali kuu likishajibiwa, hadithi imekwisha. Prison Break, tamthilia ya Marekani ya 2005, ilisimama juu ya swali moja: wafungwa watatorokaje? Msimu wa kwanza, vipande 22, ukaishia wametoroka. Wa pili ukapona kwa swali jipya: watakamatwa? Wa tatu ukawarudisha gerezani, safari hii Panama, na mgomo wa waandishi Marekani ukaufupisha hadi vipande 13. Swali lako lilikuwa lipi?

Mwandishi_Uyole: Nani alimuua mwenye shamba la chai Rungwe.

Mama_Kihesa: Wanangu, punguzeni mauaji. Saa mbili usiku watoto bado wako sebuleni.

Tanangozi: Shikamoo mama. Mwandishi, lilijibiwa?

Mwandishi_Uyole: Kipande cha 13. Muuaji ni mdogo wake, naye akafa. Lakini watazamaji wanamlilia, kwa hiyo anarudi pacha wake. Vipande vitatu vimesharekodiwa, hadi ile mvua kubwa ya Julai pale Uyole. Siwezi kuvitupa.

Loleza_Juu: Hii chai. Julai Mbeya ni baridi na vumbi, mvua umeitoa wapi?

Mwandishi_Uyole: Mvua ya kutengeneza mkuu. Tenki la lita 1,000, pampu ya kuoshea magari, bomba linaelekezwa juu ili maji yaanguke yenyewe. Taa inakaa nyuma ya maji. Ukiiweka mbele matone hayaonekani.

Loleza_Juu: Sawa, hapo nakuamini. Nyaya za umeme nazo zifunike.

Tanangozi: Turudi kwa pacha. Prison Break walimuua Sara, mpenzi wa mhusika mkuu, msimu wa tatu, wa nne wakamrudisha. Tangu hapo kifo hakimtishi mtazamaji. Chukua swali ambalo tayari limo ndani: shamba linabaki kwa nani? Mjane, mtoto wa nje, au benki? Kila tukio andika kwenye kadi na sababu yake chini. Kadi isiyo na sababu itoe. Game of Thrones, tamthilia nyingine ya Marekani, mwishoni ilishuka kutoka vipande 10 kwa msimu hadi 7, kisha 6, matukio yakakimbia kuliko sababu zake.

Mwandishi_Uyole: Mwigizaji wa pacha nimeshamlipa nusu.

Tanangozi: Mvua ile ifanye kumbukumbu ya mjane, mwigizaji huyo awe yule yule mdogo mtu aliyekufa, si pacha. Vipande viwili vinamtosha.