Nimeambiwa niwadanganye wazazi kwamba darasa limejaa. Naomba ushauri

Mama Kito:
Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine habari zenu. Nipo Marekani mwaka wa tisa, nafanya kazi ya ofisi kwenye shule ya msingi ya Kikatoliki. Kazi yangu ni fomu: nazipokea, nakagua cheti cha ubatizo na kadi ya chanjo, napeleka kwa mkuu wa shule.

Wiki mbili zilizopita walikuja akina mama wawili na binti yao wa miaka mitano, anaanza chekechea. Fomu yetu ina nafasi ya "Baba" na ya "Mama". Walikata neno "Baba" kwa kalamu wakaandika "Mama" mara ya pili, kwa mwandiko mzuri tu. Cheti cha ubatizo kipo, tena kimetoka parokia hiihii ya kwetu. Mtoto mwenyewe alikuwa anahesabu vigae vya sakafu.

Mkuu wa shule akaiangalia fomu, akanirudishia. "Waambie darasa limejaa." Darasa lina nafasi nne. Orodha naishika mimi.

Msinielewe vibaya. Kuhusu ndoa yao nina imani ileile niliyofundishwa kwenye katekisimu, na sijaja kuijadili. Kinachoninyima usingizi ni huo uongo. Nikikataa, kibarua kinaweza kuota nyasi, na wanangu wawili wanasoma hapohapo kwa punguzo la ada la wafanyakazi. Nifanyeje?

Mzee wa Kigoda:
Binti yangu, mimi ni wa msimamo wa zamani na sifichi. Shule ya dini ina haki ya kulinda mafundisho yake. Mwaka 2010 shule moja ya Kikatoliki huko Boulder, Colorado, ilipowakatalia watoto wa wanawake wawili, Askofu Mkuu Charles Chaput wa Denver aliitetea waziwazi: mzazi ndiye mwalimu wa kwanza, shule inamsaidia tu, na msaada huo ni mgumu kama nyumbani wanaishi kinyume na kinachofundishwa darasani. Lakini Chaput alisimama hadharani, akabeba lawama. Hakusema darasa limejaa. Huyo mkuu wako anataka msimamo wa bure.

Dada wa Boston:
Mzee, umesimulia nusu. Mwaka huohuo wa 2010, Hingham, Massachusetts, mvulana wa miaka minane mwenye mama wawili alikubaliwa, kisha akakataliwa. Jimbo Kuu la Boston likajitolea kumtafutia shule nyingine ya Kikatoliki, na Januari 2011 likatoa mwongozo: shule zake hazitatenga kundi lolote la wanafunzi, ila mzazi akubali kwamba mafundisho ya Kanisa ni sehemu ya lazima ya masomo. Kanisa moja, nchi moja, majibu mawili. Kwa hiyo asikwambie mtu "Kanisa limekataza". Muulize mkuu: jimbo letu la Kanisa lina mwongozo ulioandikwa? Auonyeshe.

Kipanga01:
Kwani waliotalikiana wakaoa tena hapo shuleni wameshaondolewa wote? Nauliza tu.

Mama Kito:
Kipanga, umenigusa. Hao hata siwahesabu, na darasa la tatu tuna Wahindu wawili. Fomu zote zimepita mkononi mwangu, hakuna aliyeambiwa pamejaa.

Mzee wa Kigoda:
Mhindu hajawahi kuahidi kuishi Kikatoliki, tusichanganye. Hao waliooa tena... hapo sina jibu zuri.

Wakili wa Mtaani:
Dada, upande wa sheria. Hakuna sheria ya shirikisho inayoizuia shule binafsi ya dini kumkataa mtoto kwa sababu ya ndoa ya wazazi wake. Rangi ni habari nyingine. Tangu kesi ya Runyon dhidi ya McCrary, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya Marekani 1976, shule binafsi haziwezi kumkataa mtoto kwa kuwa ni mweusi. Sheria za majimbo ya Marekani zinatofautiana, hasa shule ikiwa inapokea fedha za umma, kwa hiyo angalia za hapo ulipo.

Kukataa kwenyewe huenda si kosa. Ila siku wakijua nafasi zilikuwepo, aliyewadanganya kwa simu ni wewe, na mkuu atasema hajui lolote. Mtumie barua pepe fupi: "Nathibitisha maelekezo yako kuhusu fomu hii. Orodha inaonyesha nafasi nne." Usiongeze neno.

Bint Zubeda:
Mimi Muislamu, kwetu tunasoma kwamba mbebaji habebi mzigo wa mwingine. Mtoto hana kosa. Lakini mmefikiria maisha yake humo ndani? Siku wanayotengeneza kadi za akina baba, siku ya somo la ndoa, wenzake wanamgeukia. Wakati mwingine kukataliwa ni nafuu kuliko kupokelewa kwa kununiwa. Wazazi waambiwe ukweli, wapime wenyewe. Ukiwaambia pamejaa, mwakani watarudi tena na matumaini yaleyale.

Katekista Mstaafu:
Mimi nimekwama kwenye cheti cha ubatizo. Mwaka 2023 idara ya Vatican ya Mafundisho ya Imani ilijibu maswali ya askofu mmoja wa Brazil, likiwemo la mtoto anayelelewa na watu wawili wa jinsia moja. Jibu: kinachotakiwa ni tumaini la kweli kwamba atalelewa katika imani Katoliki, ndivyo Kanuni ya 868 ya Sheria za Kanisa inavyosema. Sasa parokia yenu imembatiza kwa tumaini hilo, halafu shule ya palepale inamfungia mlango ambako angefundishwa. Mwambie mkuu aongee na paroko kabla ya kuongea na hao akina mama.

Mama Kito:
MREJESHO. Barua pepe nimetuma kama alivyosema Wakili, na mstari mmoja wa kuuliza kama paroko anajua. Hakujibu. Mchana akaja mezani kwangu, akasema nisipige simu, atawapigia mwenyewe Jumatatu. Atawaambia nini, sijui. Fomu ameichukua. Orodha bado inasema nafasi nne.